Mkwe Aliyemwaga Juisi Yangu Mbele ya Watu

Sasa nimekuwa mwandishi. Hongereni sana. Kampuni yenye meli ndefu kama mtaa mzima, yenye wapishi wa keki tu na mtu anayelipwa kupiga kinanda watu wakila, imekosa wa kuandika ukurasa mmoja kuhusu mfanyakazi wake mpaka imtafute mama mkwe. Binti yangu alikuja na simu mkononi akanisomea: jarida la wafanyakazi linaomba jamaa wa karibu aandike maisha ya mkaguzi wa siku nyingi anayestaafu, yasiwe marefu, yawe ya kuvutia. Nikamwambia, wewe ndiye mke wake, andika.

"Mimi nikiandika, mama, watasema nampamba."

"Na mimi je?"

"Wewe? Hakuna atakayesema umewahi kumpamba mtu."

Haya. Shule niliiacha mapema, au yenyewe iliniacha, hilo tusibishane. Mjukuu wangu alitaka kunisahihishia herufi nikamfukuza chumbani. Kama kuna neno limekaa vibaya, mlisome hivyo hivyo lilivyokaa.

Mkwe wangu huyu nyie mnamwita Afande. Sisi nyumbani tunamwita Mtikisa. Kazi yake mnaijua, ila kwa wale wa ofisini ambao hawajawahi kuiona ngazi ya kupandia melini nitaieleza. Abiria anapanda, mzigo wake unapita kwenye mashine ya kumulika, halafu anafika kwenye meza. Nyuma ya meza yuko mkwe wangu. Anazishika chupa zako moja moja, za maji, za shampuu, za losheni, za dawa ya kikohozi, na anatafuta pombe.

Si kwamba meli haitaki pombe. Haya ndiyo maajabu. Meli ina baa kila kona, baa ya chini, baa ya juu, baa pembeni ya bwawa la kuogelea ili mtu asihangaike kujikausha. Pombe ya melini inaitwa burudani. Pombe uliyotoka nayo kwako inaitwa uhalifu. Imetoka kiwanda kile kile, ila moja imepitia mlango wa mwenye meli na nyingine imepitia begi lako. Basi watu wazima, wenye vyeo na miwani, wanaificha kwenye chupa za mafuta ya nywele. Wanaibandika kizibo upya kwa gundi. Mmoja aliiweka kwenye mfuko wa mpira akaufunga tumboni, akasema ni mimba, naye ni mwanamume.

Mtikisa hakubahatisha. Aliishika chupa kwa shingo, akaipindua kichwa chini, akaielekeza kwenye mwanga na kuangalia mapovu yanavyopanda. Maji yana mapovu yake na pombe ina yake. Halafu alipitisha kidole kukizunguka kifuniko, kuona kama ile pete ya plastiki imekatika au imegundishwa. Akiwa bado na wasiwasi, alifungua akanusa. Hakuwahi kuonja, hata tone.

Siku alipokuja kwangu mara ya kwanza kujitambulisha, shati limepigwa pasi mpaka linatisha, nilimwekea soda. Mgeni wa kawaida anashukuru na kunywa. Huyu aliipindua. Akaielekeza dirishani, akatulia, sisi wote tumetulia naye kama tunangoja matokeo ya mtihani. Akaigeuza, akapapasa kifuniko, ndipo akaomba kifungulio.

Dada yangu mkubwa, ambaye hajawahi kunyamaza kwa faida ya mtu yeyote, akauliza, "Baba, kuna ndugu yako humo ndani?"

"Samahani mama, ni mazoea ya kazi."

"Kazi gani? Uganga?"

"Nakagua chupa. Melini."

Dada akanigeukia bila hata kushusha sauti. "Mwanao ametuletea mtu anayelipwa kutazama maji."

Tulicheka mpaka binti yangu akatoka nje. Mimi nilicheka zaidi ya wote, na baada ya harusi niliendelea kucheka. Alitikisa chupa ya mtoto, alitikisa dawa ya mbu. Hata siki ya jirani aliitikisa, jirani akachukia.

Niliacha kucheka siku binti yangu aliponieleza mambo ya baba yake Mtikisa. Yule mzee alikuwa fundi magari, tena fundi hasa, na alikuwa mlevi wa kujificha. Mama mtu alikuwa anamtuma mtoto azitafute chupa kabla baba hajarudi kutoka gereji. Chupa zilikaa kwenye tangi la choo, ndani ya buti la mvua, katikati ya mfuko wa simenti. Mara moja pombe iliwekwa kwenye taa, mahali pa mafuta ya taa, na nyumba nzima ikabaki kujiuliza kwa nini moto ni wa bluu. Mtoto akajifunza. Alipojifunza vizuri, baba naye akajifunza kuficha vizuri zaidi, na mashindano yao yakaisha siku baba alipozikwa. Basi kumbe yule kijana aliyepindua soda sebuleni kwangu hakuwa na wazimu. Sikumwambia kwamba nimeacha kucheka. Angevimba kichwa.

Sasa niwaambie safari yangu.

Mkuu wa ulinzi wa siku hizo mtamkumbuka, yule tuliyempa jina la Bwana Redio. Alikuwa na redio ya mkononi na aliipenda kuliko wazazi wake. Aliitumia kuongea hata na mtu aliyesimama naye bega kwa bega. "Meza namba moja, unanipata?" Meza namba moja, yaani mkwe wangu, ilikuwa inampata, ilikuwa inapata hata mate. Wakati ule aligundua kwamba abiria wanalewa lakini baa haziuzi kama zamani, akatangaza kuna meza inavuja. Mkaguzi mmoja alimpitisha mjomba wake na dumu dogo la "maji ya baraka". Mjomba akaonekana juu ya meli anaimba, shati limo mkononi. Walishushwa bandari iliyofuata, mjomba na mpwa, na hapo kazi ya mpwa ikaisha.

Kuanzia siku hiyo kanuni ikawa moja. Hakuna mjomba, hakuna shangazi, hakuna mzazi. Kinywaji chochote kisicho na muhuri wa kiwanda kinamwagwa. Atakayempitisha mtu wake atashuka naye. Na mkwe wangu alikuwa ameshaonywa mara ya mwisho kwa sababu ya kopo la losheni lililompita likiwa na pombe. Likimpita jingine, basi. Nyumbani alikuwa ameacha mtoto mdogo, na mke ambaye tumbo lake lilikuwa limeshaanza kumtangulia mlangoni.

Ndipo kampuni, kwa wema wake usio na kifani, ikatoa tiketi za hisani kwa wazazi wa wafanyakazi. Mama mzazi wa mkwe wangu alikuwa ameshatangulia mbele za haki, tiketi ikaja kwangu.

Kabla ya safari mkwe alikuja nyumbani. Alikaa kwenye ncha ya kiti kama kawaida yake. Huyu mtu tangu aniolee binti hajawahi kuketi kwangu mpaka kwenye mgongo wa kiti.

"Mama," akasema, "melini chakula kipo. Maji yapo. Juisi zipo za kila aina. Hakuna haja ya kubeba kitu."

Nilimwelewa vizuri sana. Ila sijawahi kusafiri mikono mitupu, na sikuona sababu ya kuanza kwa ajili ya meli. Nikatengeneza juisi yangu ya nanasi na tangawizi, nikaitia kwenye chupa ya marehemu mume wangu, ile ya kioo cha kijani yenye kizibo cha kubana kwa waya. Marehemu alikwenda nayo kazini maisha yake yote. Mimi kwenda nayo melini kuna ubaya gani?

Meli ilichelewa kufungua. Tulipangwa juani kama nguo. Nyuma yangu alisimama mama mmoja mnene, mkunga mstaafu, ambaye kwa maneno yake mwenyewe aliuzalisha mji wake wote pamoja na meya. Tulikuwa tumepangwa chumba kimoja, basi tukaanza urafiki hapo hapo. Mfuko wake ulinukia usafi. Juu kabisa ilikaa chupa kubwa ya dawa ya kusukutua mdomo, ya bluu.

"Meno yangu, mwenzangu," akaniambia. "Yanataka uangalizi."

Zamu yangu ikafika.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba."

"Karibu sana. Mama, naomba ile chupa."

"Chupa ipi?"

"Ya kijani, mama." Ilikuwa imeonekana kwenye mashine, imekaa katikati ya kanga zangu kama mfalme.

"Ya marehemu?"

"Hiyo hiyo, mama."

Nyuma yake nikaona kofia ya Bwana Redio inasogea. Nikaitoa. Aliipokea kwa mikono miwili, akainamisha kichwa, halafu akaipindua. Na mapovu yakapanda. Siwezi kudanganya, yalipanda kwa wingi na kwa furaha.

"Ni nanasi na tangawizi," nikasema. "Vina nguvu zake."

Akafungua waya. Kizibo kikaruka kikampiga Bwana Redio kwenye kofia, na povu likamwagika mezani. Nakubali harufu ilikuwa imechangamka kidogo.

"Meza namba moja, tuna nini hapo, unanipata?" Bwana Redio akaiuliza redio yake.

Hapo niwaambie kwamba mimi ni mwenyekiti wa chama cha akina mama cha kupinga ulevi mtaani kwetu, na siku hiyo nilikuwa nimevaa beji. Sijawahi kuonja pombe tangu nizaliwe, hata ile ya dawa. Mwanamume mmoja kwenye foleni, mwenye macho mazuri na adabu mbaya, akaisoma beji kwa sauti: "Mwenyekiti! Akina Mama Tupinge Ulevi!" Foleni yote ikacheka mpaka kule chini kwenye mizigo.

"Mama," mkwe akasema polepole, "imechachuka."

"Imechachuka vipi? Nimeitengeneza mwenyewe."

"Ni jua, mama."

"Basi kamata jua."

Bwana Redio akaishusha redio, mara ya kwanza katika historia. "Huyu ni mtu wako?"

Angeweza kusema ni mama wa mke wangu. Angeweza kusema namfahamu kidogo. Alisema, "Ni mama yangu."

"Na kanuni unaijua."

"Naijua."

Nilimtazama. Ama amwage juisi, ama amwage unga, hakukuwa na njia ya tatu, na mimi mwenyewe nilikuwa najua hivyo wakati nimekaza shingo. Akaenda kwenye sinki lililo pembeni, akaimwaga. Yote. Mtu ambaye hajawahi hata kunikatiza nikiongea, alisimama mbele ya umati akimwaga kitu cha mkono wangu, na mikono yake ilikuwa inatetemeka mpaka kioo kinagonga bomba. Halafu akaisuuza chupa, akaifuta kwa leso yake mwenyewe, akaifungia kikaratasi chenye namba ya chumba changu, akaiweka kwenye kabati la chupa zilizozuiliwa.

"Utaipata siku ya kushuka, mama."

"Sawa, afande," nikajibu.

Sikuwa nimewahi kumwita hivyo. Neno lilimwingia, niliona lilipoingilia.

Akafuata mkunga. Mimi nilikuwa bado nakusanya kanga zangu, nikaona. Mtikisa aliichukua ile chupa ya bluu, akaitazama kama mtu anayetazama ukuta, akairudisha. Hakuipindua. Hakugusa kifuniko. "Pita mama," akasema. Wakati ule sikulitia maanani. Nilikuwa na msiba wangu.

Meli ni nzuri. Kuna ngazi za kioo ili ujione unavyozeeka ukipanda. Kuna juisi, alisema kweli mkwe wangu, inatoka kwenye mashine, ina rangi ya nanasi na ladha ya ndoo. Kila asubuhi alikuja mlangoni kunisalimia, na kila asubuhi niliujibu ukuta.

Mwenzangu wa chumba alikuwa anasukutua. Alisukutua akiamka, alisukutua kabla ya kula, alisukutua baada ya kula, alisukutua akiona ndege anapita dirishani. Sijaona mdomo safi kama ule. Na kila akisukutua, hatemi.

Mimi si mjinga. Siku ya pili, alipomwomba kapteni kwenye picha ya ukutani waende wakacheze muziki, nikamuuliza, "Mwenzangu, hiyo dawa inatibu meno tu?"

Akacheka mpaka akakaa chini. "Onja kidogo."

"Sionji."

"Hiyo bluu ni rangi ya keki tu, mwenzangu. Nilijua yule mkweo atanikamata, watu wote wanamwogopa. Nilishaandaa na machozi. Akasema pita! Mpaka leo sijui kwa nini."

Mimi nilijua. Mtu aliyetoka kumwaga juisi ya mama mkwe wake mbele ya kadamnasi hawezi kutikisa chupa nyingine, mikono yake inajitikisa yenyewe. Siku zote zile za kupindua soda na siki za watu, na siku aliyokosea ni siku aliyonivunjia heshima ili asikosee.

"Unakunywa kwa nini, mwenzangu?" nikamuuliza.

Akaacha kucheka. "Nimesikiliza kelele za wanawake maisha yangu yote. Nilitaka wiki moja nisisikie kitu."

Mambo yangeishia hapo kama mkunga angekunywa na kulala. Lakini aliimba ngazini, na Bwana Redio alikuwa ngazini. Jioni hiyo spika zikatangaza kwamba kesho meli itatia nanga, abiria watashuka kutembea, na wakisharudi kutakuwa na ukaguzi wa vyumba vyote. Nikakaa kitandani nikaona picha yote. Watakuta pombe. Watauliza ilipita meza gani. Tena imo chumbani kwa mama mkwe wa meza namba moja! Nani angeamini kwamba si mpango wa familia? Mkwe angeshushwa kama yule wa mjomba, na binti yangu angejifungua kwa mtu asiye na kazi.

"Imwage," nikamwambia mkunga.

"Niimwage? Imebaki nusu!"

Ningeweza kuimwaga mwenyewe. Lakini mlevi aliyeporwa hulia kwa sauti, na chumba kingenuka mpaka kwa kapteni. Isitoshe mimi si mtu wa kufutafuta nyuma ya watu. Chupa ilipita kwenye meza ya mkwe wangu. Basi irudi kwenye meza ya mkwe wangu.

Asubuhi, wakati anavaa viatu, nikamwambia, "Leo tunatembea kutwa. Jua lile unaliona. Utakaa muda wote huo bila kusukutua?"

Akafikiri. "Kweli, mwenzangu. Unanijali." Akaitia mwenyewe kwenye mkoba. Mimi sikumlazimisha mtu. Niliijali afya ya kinywa chake.

Tulitembea, tukaona maduka, tukaona sanamu ya mtu juu ya farasi, mkunga akasukutua nyuma ya farasi. Wakati wa kurudi nilihakikisha niko mbele yake kwenye foleni. Mezani yuko Mtikisa, macho chini. Nyuma yake Bwana Redio, mikono kiunoni.

"Pita mama," mkwe akasema. Sikuwa na chupa safari hii.

Sikupita.

"Afande," nikasema, kwa sauti niliyokuwa natumia kuwaita watoto kutoka mtaa wa pili. "Mwenzangu huyu ana chupa. Naona utampitisha kwa kuwa yuko na mimi."

"Hapana mama, mimi..."

"Mimi ulinitikisia. Mtikisie na huyu. Au ni nanasi tu lenye hatia kwenye meli hii?"

Foleni ikaanza kucheka tena, yule mwenye macho mazuri yumo. Bwana Redio akasogea. Mkwe akanitazama, mara ya kwanza tangu ile siku, akanitazama usoni kabisa. Kisha akanyoosha mkono. Mkunga akampa akiwa bado anatabasamu, maskini, si ilishapita mara moja?

Akaipindua kwenye mwanga. Dawa ya kweli ya mdomo ukiitikisa inatoa povu, na povu linakaa. Hii ilitoa mapovu machache, yakafa kama hayakuzaliwa. Akapapasa kifuniko, kidole kikasimama kwenye gundi. Akafungua, akanusa.

"Mkuu," akasema, "pombe kali."

Mkono wake ulikuwa umetulia kama meza.

Bwana Redio akaipigia kelele redio yake kwa furaha. "Meza namba moja imekamata! Kumbe wanajaza bandarini! Hapa ndipo panapovuja, mnanipata wote?"

Mngedhani mambo yameisha. Lakini nyie mmeniomba maisha ya mtu huyu, na maisha yake ni haya: alifungua mdomo aseme. "Mkuu, hii siku ya kwanza mimi mwe..." Nikashikwa na kikohozi. Kikohozi changu kinajulikana, kikianza hakuna mwingine anayesikika. Nilikohoa mpaka nikaletewa kiti, nikakohoa mpaka nikaletewa maji, yenye muhuri, na mpaka nilipomaliza Bwana Redio alikuwa ameshakwenda kumpelekea kapteni habari njema. Ukaguzi wa vyumba ukafutwa. Chupa ya bluu ikaenda sinki lile lile.

Mkunga akanigeukia pale kwenye kiti. Nilidhani atanilaani. "Bibi wewe," akasema, "umenizalisha bila hata kuniambia nisukume!" Halafu akacheka mwenyewe, kwa kelele kuliko wote.

Alasiri ile mkwe alinikuta nimekaa nje natazama maji. Akasimama pembeni.

"Mama, ulijua ile chupa ilipita kwangu."

"Mimi nijue nini? Mimi ni mlevi wa nanasi."

"Mikono ilikuwa inatetemeka."

"Niliiona."

"Naomba unisamehe, mama."

"Kwa lipi? Kwa kumwaga au kwa kupitisha?"

"Kwa kupitisha. Kumwaga ilikuwa kazi."

Jibu hilo lilinikera mpaka jua lilipozama. Kisha nikaona kwamba ningekuwa mimi ningejibu hivyo hivyo, na hilo lilinikera zaidi. Nikamwambia avute kiti akae. Akakaa, safari hii mpaka kwenye mgongo wa kiti.

Mtasema nimetoa siri. Anastaafu sasa, mtamfanya nini, mtamshusha bandari gani? Isitoshe jioni ya siku ile ile alimfuata Bwana Redio akamwambia kila kitu kwa mdomo wake, bila mtu wa kumkoholea. Bwana Redio alikuwa ameshapongezwa na kapteni na hakutaka kurudisha pongezi. "Sikupati," akamjibu, akazima redio. Hiyo ndiyo siku pekee ambayo redio ile ilizimwa.

Mkunga alikuja kwetu binti yangu alipojifungua. Alimwogesha mtoto bila harufu yoyote mdomoni, nilimchunguza. Mtoto mwenyewe ndiye huyu mjukuu mwerevu anayejua herufi kuliko mimi. Baba yake bado anatikisa kila kitu, na juzi nilimwona mtoto anaipindua sharubati dirishani.

Sasa nyie. Siku ya kushuka kabati lilifunguliwa, kila mtu akarudishiwa chupa yake, hata yule mwanamume wa mimba akapewa mfuko wake. Yangu haikuwepo. Kikaratasi cha namba kilikuwepo, kimefungwa kwenye hewa. Bwana Redio akasema atafuatilia. Mkwe wangu hawezi kuwadai kitu, mnamjua. Mimi nawadai. Jarida lenu hili hili lilitoa picha ya Bwana Redio akiagwa ofisini, keki mbele, na nyuma yake kwenye rafu, karibu na dirisha, kuna chupa ya kioo cha kijani yenye kizibo cha waya, imetiwa maua ya plastiki. Miwani yangu imezeeka lakini marehemu mume wangu namjua hata kwa chupa yake.

Toeni hayo maua. Ioshwe. Siku ya kumuaga mkwe wangu nitakaa mstari wa mbele, na nataka iletwe mpaka nilipo, ishikwe kwa mikono miwili. Na mtu asiitikise.